Tusimsingizie Shetani Yaliyomo Koponi



Kabla ya mvua za mwaka jana kuanza, mama mmoja wa mtaa wetu hapa Kalemie alinijia jioni pamoja na mwanawe. Kijana ana umri wa miaka 26, hubeba watu kwa pikipiki. Kwa majuma mengi hakuwa akipata usingizi. Alipofaulu kusinzia, saa nane ya usiku alishtuka moyo ukimdunda kama mtu aliyekuwa akikimbizwa. Mchana alikuwa mkali kwa wateja na bubu nyumbani, na mara mbili alikuwa amemwambia mama yake kwamba haoni tena faida ya kuamka. Mama alikuwa amekwisha kumpeleka kwenye nyumba mbili za maombi. Katika ya kwanza waliambiwa kuna roho ya ukoo inayomfuata. Katika ya pili walitajiwa jina la jirani, mjane auzaye makaa mbele ya nyumba yake.

Nilimwuliza kijana swali ambalo, kwa maneno yake, hakuna aliyekuwa amemwuliza: tangu jana asubuhi hadi ulipojilaza, ulikula nini na ulikunywa nini? Akahesabu kwa vidole. Asubuhi, kopo la kinywaji cha kutia nguvu na pakiti ya biskuti. Mchana, kopo la pili, mkate mweupe na soseji mbili. Saa moja jioni, kopo la tatu, maana wateja wa usiku ndio walipao vizuri. Saa nne usiku, tambi za pakiti zilizomiminiwa maji ya moto. Nikamwuliza: na maji? Akacheka. Na sahani ya bukari na mboga, mara ya mwisho lini? Akamtazama mama yake, mama akainamisha kichwa, kwa sababu yeye mwenyewe huuza ndakala sokoni.

Kesho yake nilimsindikiza kwenye kituo cha afya, kwa kuwa maneno yale juu ya kuamka si maneno ya kupuuzwa, na katekista si mganga. Lakini tangu siku ile nina hasira, na ni kwa hasira hiyo ninawaandikia. Sisi waamini tumekuwa wepesi mno wa kumtafuta Shetani katika usingizi wa watu, na wepesi zaidi wa kumtafuta katika nyumba za wajane, wakati hatujafungua hata kifuniko cha chungu tuone mna nini. Nasema hivi: ni dhambi kumtaja jirani kabla hujatazama kopo. Tena kopo lenyewe, mara nyingi, tumelinunua sisi kwa fedha za kikundi.

Kwanza tuelewane juu ya chakula tunachokisema. Mwaka 2009 mganga mmoja wa Brazili, Carlos Monteiro wa Chuo Kikuu cha São Paulo, alipendekeza njia mpya ya kuvigawa vyakula, isiyotazama sukari au mafuta peke yake bali kazi iliyofanyika juu ya chakula kabla hakijafika mdomoni. Katika njia hiyo, iitwayo NOVA, kuna mafungu manne. La kwanza ni vyakula vilivyo karibu na jinsi vilivyotoka shambani au majini: maharagwe, samaki, mayai, mboga, matunda, maziwa. La pili ni viungo vya jikoni kama chumvi, mafuta na sukari. La tatu ni vyakula vilivyotengenezwa kwa kuyaunganisha hayo mawili, kama mkate wa kawaida au samaki wa kutiwa chumvi. La nne ni vitu vilivyobuniwa kiwandani kutokana na sehemu za vyakula zilizotenganishwa, yaani wanga, sukari, mafuta na protini, kisha vikatiwa rangi, harufu na ladha ambazo hakuna jiko la nyumbani linaloweza kuzitengeneza. Hilo la nne huitwa vyakula vilivyosindikwa kupita kiasi. Njia rahisi ya kulitambua ni kusoma maandishi madogo ya pakiti: ukikuta majina ambayo mama yako hana katika jiko lake, umelipata.

Sitaki mtu atoke hapa akisema katekista amelaani kila kilichopita mashinani. Kusindika ni hekima ya wazee wetu. Mihogo michungu isipolowekwa siku za kutosha hubaki na sumu, na sumu hiyo, kwa mtu asiyepata samaki wala maharagwe, huleta ugonjwa wa konzo, ambao hupooza miguu ghafla na haiponi tena. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1938 na mganga Trolli, kwa habari za wagonjwa wa Kwango, katika nchi yetu hii. Mama anayeloweka mihogo, anayeianika na kuitwanga, anasindika chakula na anaokoa miguu ya wanawe. Ndakala wanaokaushwa juani nao wamesindikwa. Ugomvi wangu ni na kazi ya aina nyingine, ile ambayo nia yake ni kumfanya mlaji asishibe upesi na arudi kununua tena.

Na hilo la kutoshiba si tusi nililolitunga. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi ya taifa ya afya ya Marekani waliwaweka watu wazima 20 katika hospitali yao kwa mwezi mmoja. Majuma mawili walipewa vyakula vya fungu la nne, majuma mawili vyakula visivyosindikwa, na kila mmoja alikula kadiri alivyotaka. Milo ya pande zote mbili ilikuwa imepimwa ili iwe na sukari, mafuta, chumvi na nyuzinyuzi sawasawa. Hata hivyo, katika majuma ya vyakula vya kiwandani watu walikula kalori zipatazo 500 zaidi kila siku, wakaongezeka uzito wa karibu kilo moja. Katika majuma yale mengine walipungua kiasi hichohicho.

Hayo ni ya tumbo. Tuje kwenye akili, ambako ndiko tunakotafuta mapepo.

Huko Marekani wauguzi wanawake 31,712 wenye umri wa makamo walifuatiliwa kwa miaka mingi, tangu 2003 hadi 2017. Wote walikuwa hawana sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, wakati uchunguzi ulipoanza. Wale waliokula zaidi vyakula vya fungu la nne walipatwa na sonona kwa karibu nusu zaidi kuliko wale waliovila kidogo kabisa, na vinywaji vyenye utamu wa bandia vilionekana kuwa na uzito wa pekee katika jambo hilo. Mwaka 2024 jarida la waganga la Uingereza, BMJ, lilitoa kazi iliyokusanya chambuzi 45 zilizogusa watu karibu milioni 10. Ndani yake wasiwasi, huzuni na usingizi mbaya viliandamana na vyakula hivi mara kwa mara.

Najua mmoja wenu, yule apendaye kubishana, atasema: kuandamana si kusababisha, labda mwenye huzuni ndiye anayekimbilia biskuti. Ni kweli, na ninamsifu. Mtu aliyevunjika moyo hana nguvu ya kuchambua sombe. Ndiyo maana nawaletea kazi nyingine, ya Australia, iliyotolewa mwaka 2017 na Felice Jacka na wenzake. Walichukua watu wazima 67 waliokuwa tayari wagonjwa wa sonona, wengi wao wakiendelea na matibabu. Nusu yao walipewa mtu wa kuwatembelea na kuzungumza nao. Nusu nyingine walipewa mtu wa kuwafundisha kula mboga, nafaka zisizokobolewa, matunda, maharagwe, samaki na mafuta ya zeituni, na kupunguza vitamu na vya kiwandani. Baada ya majuma 12, karibu theluthi moja ya waliobadili chakula walikuwa wametoka katika ugonjwa. Kwa wale wa mazungumzo peke yake walikuwa 8 katika kila 100. Idadi ya watu ni ndogo, na mtu mmoja asiache dawa zake kwa sababu yangu. Lakini tazameni orodha ile tena. Ukiondoa mafuta ya zeituni, ni kitu gani humo kisichouzwa katika soko letu chini, kwenye mikeka?

Sasa usingizi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo ninapowaona ninyi.

Ubongo, tangu tunapoamka, hukusanya kitu kiitwacho adenosini, nacho kadiri kinavyozidi ndivyo macho yanavyokuwa mazito. Kafeini hukaa mahali pa adenosini na kuuzuia ubongo usiisikie. Uchovu haujaondoka, umefungiwa mlango tu. Kopo la mililita 250 la kinywaji cha kutia nguvu kwa kawaida lina miligramu 80 za kafeini na gramu 27 hivi za sukari. Mwili wa mtu mzima huhitaji karibu saa tano kuondoa nusu tu ya kafeini iliyoingia. Mhesabuni basi yule kijana. Makopo matatu ni miligramu 240, na la mwisho, lililonywewa saa moja jioni, bado lilikuwa na nusu yake ndani ya damu yake ilipofika usiku wa manane. Sukari ya makopo hayo pekee ilikuwa gramu 81. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba mtu mzima asizidi gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ingefaa zaidi abaki kwenye 25. Hatujahesabu biskuti.

Katika uchunguzi mmoja wa mwaka 2013 watu walipewa miligramu 400 za kafeini muda wa saa sita kabla ya kulala, na usingizi wao ukapungua kwa zaidi ya saa nzima. Ninyi mnaokunywa kopo jioni ili mjifunze kwa ajili ya mtihani, kisha mnalala kama mtu anayeelea juu ya maji na kuamka mmesahau mlichosoma, msiseme mmelogwa.

Na si kafeini peke yake. Mwaka 2016 Marie-Pierre St-Onge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Columbia, mjini New York, waliwapima usingizi watu wazima 26. Siku ambazo watu hao walikula milo iliyopangwa na wataalamu, walipata usingizi baada ya dakika 17 kwa wastani. Siku waliyojichagulia chakula wenyewe, walihitaji dakika 29. Aliyekula nyuzinyuzi nyingi, yaani zile za maharagwe, mboga na nafaka nzima, alipata zaidi ule usingizi mzito unaourudisha mwili. Aliyekula mafuta mazito na sukari alilala juujuu na kushtuka mara nyingi.

Mimi mwenyewe nimepita huko. Miaka ile mshahara wetu walimu ulipokuwa ukikawia, nilifundisha asubuhi shule moja na mchana shule nyingine, nikasahihisha kazi za wanafunzi usiku kwa vinywaji hivyo na mikate myeupe iliyopakwa majarini ya sukari. Nilikuwa nikimpigia mke wangu kelele kwa sababu ya kifuniko cha sufuria. Nilikwenda kuungama hasira, tena na tena, na padri alinipa malipizi kwa upole mkubwa. Muuguzi mmoja, mzee kuliko mimi, ndiye aliyeniuliza: mwalimu, unakunywa nini usiku? Nilichukia swali lake. Nilikuwa nimejiandaa kwa jambo kubwa zaidi.

Nadhani hiyo ndiyo siri ya nyumba za maombi zinazowataja wajane. Zinatupa sababu kubwa. Roho ya ukoo ina heshima yake. Pakiti ya tambi haina. Lakini someni habari za nabii Eliya katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 19. Mtu wa Mungu amechoka, amekimbia, anaomba afe, analala chini ya mti. Malaika aliyetumwa kwake hakukemea pepo wala hakumtajia adui. Alimletea mkate uliookwa juu ya mawe ya moto na mtungi wa maji, akamwacha alale, kisha akamwamsha ale tena. Mahubiri yalikuja baadaye, na yalikuja mlimani, baada ya safari ya siku arobaini ambayo Eliya aliiweza kwa nguvu ya chakula kile.

Wapo watakaosema: mwalimu, hayo ni mambo ya wazungu walioshiba, sisi shida yetu ni kupata chochote. Neno hili linanigusa, na silijibu kwa wepesi. Zipo nyumba katika parokia yetu ambamo watu hula mara moja kwa siku, wapo wakimbizi wa vita waliofika hapa na kifurushi kimoja, na kwao ningekuwa mwovu kama ningekuja na hotuba juu ya viambato. Tena wapo wasiolala kwa sababu ya waliyoyaona. Milio ya bunduki haiondolewi na maharagwe. Mtu wa namna hiyo anahitaji msikilizaji, mganga, na nchi yenye amani.

Lakini wengi wetu hatuli hivi kwa sababu ya njaa. Tunakula hivi kwa sababu ya fahari. Hili ndilo linalonichoma. Mama huuza ndakala zake, mayai yake na parachichi zake asubuhi, na kwa fedha hiyohiyo anarudi na soseji, tambi na chupa ya kinywaji chekundu, kwa kuwa mgeni anakuja. Tumejifundisha kuona haya mbele ya kiazi kitamu. Msichana anayechumbiwa akileta karanga na chai kwa wakwe atasemwa. Akileta makopo atasifiwa. Kijana wa pikipiki hushika kopo mkononi hata likiwa tupu, kama wazee wetu walivyoshika fimbo. Na mfanyabiashara anajua hilo vizuri kuliko sisi: tazama matangazo yaliyochorwa kwenye kuta za vibanda, uone kama kuna hata moja linalosema kinywaji hiki kina lishe. Yanasema utakuwa simba.

Nani aliyetufundisha? Sisi wazee tumo. Mimi katekista nikifika katika jumuiya ya msingi, ninaletewa chupa tamu, na niliyoomba ni maji. Nikiikataa nimemdharau mwenye nyumba. Sikukuu ya somo wa parokia, meza ya viongozi huwa na makopo na ya watoto huwa na peremende. Na mkesha wenu, vijana wapenzi! Mwaka jana niliona hesabu ya mkesha wa mwisho wa mwaka, kwa kuwa mhazini wenu ni mwaminifu na huandika kila kitu. Vinywaji vya kutia nguvu vilichukua fedha nyingi kuliko mishumaa, mafuta ya jenereta na chakula vikijumlishwa. Tulikesha tukisali kwa nguvu ya kafeini, tukarudi nyumbani alfajiri, na kwa siku tatu baadaye nikawa nasikia malalamiko ya ndoto mbaya na vifua kudunda. Mmoja alisema ulikuwa ni upinzani wa kiroho kwa sababu ya sala zetu. Nilinyamaza. Sikupaswa kunyamaza.

Mkesha wa Pasaka hii, mimi sitatoa mchango wangu kwa ajili ya kopo hata moja. Nitaleta kilo kumi za karanga. Mama yule auzaye ndakala ameahidi ndakala. Sufuria kubwa ya parokia ipo ghalani, imetoboka kidogo mkononi lakini hupika. Tunahitaji watu wa viazi vitamu, wa ndizi, wa majani ya mchaichai, na vijana wanne wa kuchota maji na kuyachemsha mapema. Mkiona usingizi usiku, simameni mwimbe, ndiyo maana ya kukesha. Atakayenileteza hoja kwamba wageni wa parokia jirani watatucheka, aje nayo kwenye mkutano wa Alhamisi, tuijadili mbele ya watu.

Yule kijana amepunguza makopo hadi moja, la asubuhi. Siku za kwanza kichwa kilimwuma vibaya, kama hutokeavyo kwa anayeacha kafeini ghafla, akakaribia kurudia. Mama yake humfungia bukari na sombe katika bakuli lenye kifuniko, naye hula kituoni akiwageuzia wenzake mgongo. Analala hadi saa kumi na moja alfajiri, si kila siku. Deni la pikipiki lingali linamkosesha raha, na muuguzi anaendelea kumwona kila mwezi. Sijui kama ningeweza kuuita huo uponyaji.

Mjane bado huuza makaa mbele ya nyumba yake. Wanunuzi wamepungua tangu jina lake litajwe, na watoto wa mtaa hupita upande wa pili wa barabara. Mama wa kijana ameniomba nimsindikize kwake. Tutakwenda Jumamosi.